Somo la Picha: Tuchague Lenzi Gani kwa Michezo Yetu?



Ndugu wasomaji, kamati ya habari ya jumuiya yetu imechangisha fedha za kununua lenzi moja ya kamera. Moja tu. Tangu jambo hili litangazwe baada ya swala ya Ijumaa, kila ninayekutana naye njiani ana ushauri, na ushauri wenyewe haubadiliki: nunueni ile ndefu, ile ya 300, tuwaone wachezaji mpaka jasho la usoni. Siwalaumu. Mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa nikisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote. Somo hili linaeleza kwa nini sisemi tena.

Mliokuwa safarini mnaikumbuka siku ile ya Bwera. Timu yetu ilialikwa kucheza na vijana wa huko, na mchezo ulipangwa kuanza saa 10:00 jioni. Tuliondoka Kasese mjini kwa teksi mbili, na tulipofika Kikorongo, pale tunapokata kulia kuingia njia ya Mpondwe, moja ikapasuka tairi. Basi mpira ulianza saa 11:10. Mimi nilikuwa na lenzi ya 75–300 niliyoikodi kwa siku mbili kwa fedha za jumuiya, na nilitembea nayo kifua mbele kama mtu aliyepewa bunduki. Kipindi cha kwanza nilipiga picha nzuri nikiwa nimesimama katikati ya uwanja, bila kusogea hatua moja. Nilijiona fundi.

Kipindi cha pili wingu lilifunika upande wa Congo na mwanga ukaanza kuondoka. Mwamuzi alikuwa akitazama saa yake kila mara kwa kuwa Magharibi ilikuwa inakaribia. Dakika ya 84, namba tisa wetu, kijana wa Bwera aliyekuwa mwaka wa mwisho na akicheza nasi kwa mara ya mwisho, alipiga shuti la chini likaingia wavuni. Mama yake alikuwa amesimama pembeni mwa uwanja. Nilikuwa nimemlenga kijana yule barabara, na nilibonyeza kwa wakati wake hasa. Picha ipo mpaka leo. Mguu wa kulia ni mkia wa moshi, mpira ni mstari mweupe, na uso ni wa mtu yeyote. Mchezo ulipokwisha mama alinijia akaniambia, "Mwanangu, ile ya bao utaniletea?" Nikamjibu, "Inshallah, mama." Sijampelekea, maana sina cha kumpelekea.

Kosa lilikuwa wapi? Kwanza tuelewe lenzi inafanya kazi gani.

Sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu tuna bahati katika jambo hili, maana aliyelichunguza vizuri ni mtu tunayemkuta vitabuni mwetu. Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra mnamo mwaka 965, aliyefariki Cairo mnamo 1040, aliandika Kitab al-Manazir, akaonyesha kwamba tunaona kwa sababu nuru inatoka kwenye vitu na kuingia machoni, si kwa sababu jicho linatoa miale. Katika makala yake nyingine kuhusu umbo la kupatwa kwa jua alieleza jambo ambalo kila mpiga picha anapaswa kulijua. Jua lililopatwa likipita kwenye tundu dogo, huchora hilali ukutani. Tundu likipanuliwa, ukuta hupata mwanga mwingi zaidi lakini hilali hupoteza umbo na kuwa duara tu. Tundu dogo hutoa picha kali yenye giza, na tundu kubwa hutoa picha yenye mwanga lakini iliyovurugika. Lenzi, yaani kile kioo kilichochongwa, ndiyo inayotuokoa hapo. Hukusanya nuru inayoingia kwenye tundu kubwa na kuirudisha mahali pamoja, tukapata mwanga na ukali kwa wakati mmoja.

(Kuna ujumbe unaozunguka kwenye WhatsApp kwamba neno kamera limetokana na "qamara" la Kiarabu cha Ibn al-Haytham. Si kweli. Ni neno la Kilatini lenye maana ya chumba. Ibn al-Haytham ana heshima ya kumtosha, hahitaji ya kuzushiwa.)

Sasa chukueni lenzi yoyote mkononi na msome maandishi ya mbele yake. Mtaona namba za aina mbili. Ya kwanza ni ya milimita: 50, 85, 75–300. Huo ni urefu wa fokasi, na kazi yake ni kuamua lenzi itakata kipande kikubwa au kidogo cha uwanja. Namba ikiwa kubwa, kipande ni kidogo, na mchezaji anaonekana karibu. Ya pili huandikwa 1:1.8 au 1:4–5.6, nasi huisoma f/1.8 na f/5.6. Hiyo ndiyo habari ya tundu, na hapa wengi hupotea kwa sababu inakwenda kinyume: namba ndogo ni tundu kubwa. Sababu ni rahisi. Ni mgawanyo: urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa tundu. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 ina tundu la milimita 28 hivi. Lenzi ya 200 yenye f/2.8 inahitaji tundu la milimita 71, na ndiyo maana ile mizinga mnayoiona kwenye televisheni pembeni mwa viwanja vya Ulaya ni minene, mizito, na ikiwa mpya huuzwa zaidi ya dola 2,000, yaani zaidi ya milioni 7 za Uganda. Bei hiyo ni ya tundu kuliko ya urefu. Lenzi yenye urefu wa 300 inaweza kuwa rahisi kabisa, ilimradi tundu lake ni dogo. Ile niliyoikodi ilikuwa ya namna hiyo: ukiivuta mpaka 300, tundu haliwezi kuzidi f/5.6.

Tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo iliyoniuma. Kiasi cha nuru hufuata mraba wa namba hizi. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 nuru inakuwa mara 4. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 inakaribia mara 10. Na nuru hiyo tunaitumia kununua kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafungua jicho lake. Jioni ile ya Bwera kamera yangu iliniandikia ISO 800, tundu f/5.6, shata 1/125 ya sekunde. Mpira unaokwenda kilomita 72 kwa saa husafiri mita 20 kwa sekunde moja, kwa hiyo ndani ya 1/125 husogea sentimita 16. Si ajabu ukawa mstari. Mguu wa mpigaji nao haukuwa nyuma sana ya mpira. Kama ningekuwa na lenzi ya f/1.8, kwa ISO ileile na mwanga uleule, shata ingepanda hadi 1/1200 hivi, na mpira usingesogea hata sentimita 2. Ni kweli ningeweza kupandisha ISO hadi 1600, na kusahau kufanya hivyo lilikuwa kosa langu mwenyewe, lakini ningepata 1/250 tu, na sentimita 8 bado ni ukungu.

Mtu ataniuliza: je, zile lenzi zenye kizuia mtikisiko? Zinasaidia, lakini zinatuliza mkono wako wewe. Hazimtulizi mchezaji. Ukipiga mlima jioni zitakufaa sana. Mwaka 1906 Vittorio Sella alipanda Rwenzori na msafara wa Mwitaliano, Mtawala wa Abruzzi, akarudi na picha za vilele ambazo hadi leo zinastaajabisha, zikiwa zimepigwa kwa kamera kubwa ya miguu mitatu. Lakini alikuwa na faida moja ambayo sisi hatuna: mlima haukimbii.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kununua lenzi ya michezo ni hili: picha zangu nyingi nitazipiga saa ngapi? Mpira wetu huchezwa jioni baada ya vipindi, jua likiwa limepungua makali, na karibu kila mara unaanza kwa kuchelewa. Huku tulipo, karibu na mstari wa ikweta, jua huzama karibu saa 1:00 jioni mwaka mzima, likitangulia au kuchelewa kwa robo saa hivi. Likishazama, giza haliombi ruhusa; ndani ya dakika 20 hivi limekwishaingia. Kisha Kasese mjini tuna jambo letu jingine. Milima ya Rwenzori ipo upande wa magharibi, kwa hiyo jua hujificha nyuma ya mgongo wa mlima kabla halijazama kweli. Mbingu bado ni nyeupe, macho yako yanakuambia ni mchana, lakini uwanja umekwishaingia kivulini. Jicho la mwanadamu huzoea haraka na kudanganyika. Kamera haidanganyiki. Jaribuni siku moja: pimeni mwanga uwanjani saa 10:00 jua likiwaka, halafu pimeni tena kivuli cha mlima kikishafunika goli la mbali. Mtaona shata imeanguka mara 8 au zaidi.

Saa 10:00, jua likiwaka, lenzi yoyote inatosha. Kwa ISO 400 na f/5.6 utapata shata inayozidi 1/2000, na ile 75–300 ya bei nafuu itakupa picha ambazo mtu hatazitofautisha kwa urahisi na za mzinga wa milioni 7. Sitaki kuidharau. Jumuiya ambayo mashindano yake yote huchezwa asubuhi au alasiri mapema inaweza kuinunua na kulala usingizi. Sisi si jumuiya hiyo.

Swali la pili ni mahali. Wapiga picha wa magazeti hutumia lenzi ya 400 kwa sababu wamewekewa mipaka: wanakaa nyuma ya mabango, hawaruhusiwi kusogea. Nani ametuwekea mipaka sisi? Kwenye uwanja wa Bwera watazamaji husimama kwenye chaki yenyewe, na mtoto mmoja au wawili hukaa nyuma ya wavu. Mimi niliganda katikati kwa sababu lenzi ilinipa uvivu.

Kamera yetu ya jumuiya ina kihisi kidogo, chenye upana wa milimita 22 hivi, kama zilivyo kamera nyingi za bei ya kawaida. Kwa kamera kama hiyo kuna hesabu nyepesi: chukua umbali kwa mita, zidisha kwa 22, gawanya kwa urefu wa lenzi, utapata upana wa kipande cha uwanja kitakachoingia kwenye picha. Ukisimama mita 50 na lenzi ya 200, unapata upana wa mita 5.5. Mchezaji anajaa vizuri, na mwenzake anayemkaba anaingia. Ukisimama mita 20 na lenzi ya 85, unapata mita 5.2. Ni picha ileile karibu kabisa! Tofauti ni mita 30 za kutembea, na mita hizo ni bure. Kaa chini karibu na mstari wa goli, hatua kadhaa kutoka kwenye mlingoti, upande ambao timu yako inashambulia. Eneo la penalti lina kina cha mita 16.5 tu. Mabao mengi yatatokea mbele ya pua yako, na nyuso za washambuliaji zitakuwa zinakutazama wewe. Pembeni katikati ya uwanja utapata visogo na mabega.

Picha ya ndondi ambayo wengi wetu tumeibandika hosteli ni shahidi wangu. Tarehe 25 Mei 1965, mjini Lewiston, Marekani, Muhammad Ali amesimama juu ya Sonny Liston aliyelala chali, mkono umekunjwa, anamfokea ainuke. Aliyeipiga ni Neil Leifer, kijana wa miaka 22, kwa kamera ya Rolleiflex yenye lenzi ya kawaida isiyobadilishwa, na taa zilikuwa zimefungwa juu ya ulingo. Itazameni tena picha hiyo. Katikati ya miguu ya Ali, ng'ambo ya ulingo, kuna mpiga picha mwingine. Ni Herbert Scharfman, mkongwe wa kazi hiyo, na alichokiona yeye dakika ile ni mgongo wa Ali. Hakuna lenzi duniani ambayo ingemsaidia pale alipokaa. Leifer mwenyewe alikiri miaka mingi baadaye kwamba alikuwa na bahati ya kukaa upande ule. Lakini alikuwa na mwanga wa kutosha na alikuwa tayari.

Tuje sasa kwenye michezo yetu mmoja mmoja, kwa kifupi pale panapostahili kifupi.

Netiboli ya akina dada: uwanja wake ni mdogo, mita 30.5 kwa 15.25, na mambo yote yanaishia chini ya kikapu chenye urefu wa mita 3.05. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 inatosha kabisa ukikaa nyuma ya mstari wa mwisho. Ni lenzi ndogo na ikiwa mpya huwa ndiyo ya bei ya chini kuliko karibu zote za aina yake. Jumuiya tayari inayo. Hatuihitaji nyingine.

Mbio za barabarani: tangu 2022 Kasese imekuwa mwenyeji wa Rwenzori Marathon, na wengi wetu hukimbia zile za kilomita 10 au kusimama njiani kuwapa wenzetu maji. Hapo msibabaike na lenzi ya kununua. Ile 18–55 iliyokuja na kamera inafaa. Mkimbiaji anayekujia uso kwa uso hahitaji shata ya kasi kama anayekatiza mbele yako, 1/500 inatosha. Jambo la kujua ni kwamba asubuhi jua la mashariki huangaza uso wa mlima, na jioni mlima huwa kivuli kitupu. Kwa hiyo ukitaka mkimbiaji na Rwenzori nyuma yake, piga chini, karibu, mapema, kabla mlima haujajivika mawingu yake.

Na mkitaka mazoezi ya bure, nendeni Mpondwe siku ya soko mkawatazame wale wenye baiskeli zilizobeba mizigo. Weka shata 1/60, mfuate mwendesha baiskeli kwa kamera kama unavyomfuata kwa macho, bonyeza huku ukiendelea kumfuata. Yeye atatulia, na barabara itakuwa mistari. Hapo ukungu ni rafiki. Lakini soma kwanza aya inayofuata kabla hujaenda.

Lenzi ndefu ina tabia nyingine ambayo vitabu vya upigaji picha havina haja ya kuitaja, ila sisi tunayo haja. Inamleta mtu karibu bila yeye kujua. Amira wa akina dada aliniita mwaka jana baada ya mashindano, akanionyesha picha mbili nilizozipiga kutoka mbali kwa 300, dada mmoja akiwa anafunga vizuri mtandio wake baada ya kuanguka. Sikuwa na nia mbaya. Wala sikuwa nimeiona vizuri picha ile kabla ya kuiweka kwenye kundi. Nilizifuta mbele yake, nikaomba radhi kwa mhusika kupitia kwake. Tangu siku hiyo netiboli inapigwa picha na dada mmoja wa kamati, kwa lenzi ya 50, akiwa mahali ambapo kila mchezaji anamwona, na wachezaji wenyewe huchagua zipi zitoke. Picha zake ni bora kuliko zangu zilivyokuwa, nasema hili bila kulazimishwa.

Huko mpakani ni zaidi ya haya, ni usalama. Baada ya shambulio la Juni 2023 kwenye shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe, ambapo wanafunzi wengi waliuawa, wazazi na askari wa eneo lile wana haki ya kumshuku mgeni anayelenga bomba jeusi upande wa shule, wa barabara au wa watoto. Kabla ya kutoa kamera kwenye begi, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, jitambulishe, onyesha kitambulisho cha chuo, sema unapiga nini na mpaka saa ngapi. Lenzi fupi hukulazimisha kusogea na kusalimiana. Wakati wa mechi ile ya Bwera, mzee mmoja alinifuata mara mbili kuniuliza ninachungulia nini ng'ambo ya uwanja. Nilikuwa nachungulia kipa wetu, lakini yeye angejuaje?

Basi kamati inunue nini? Pendekezo langu ni lenzi ya 85 yenye f/1.8, ya kutumika. Haina uwezo wa kuvuta, miguu ndiyo itakayovuta. Ukiifungua yote na kusimama mita 20, kina cha ukali ni karibu mita 4, kwa hiyo mfungaji na beki wanaweza kutoka wote. Ukiwa mita 5, kina hicho hushuka hadi sentimita 24 hivi, na usipokuwa makini utapata pua kali na sikio lenye ukungu. Kamera iwekwe kwenye fokasi ya kufuatilia, ile inayoandikwa AI Servo kwenye Canon na AF-C kwenye Nikon na Sony, la sivyo hata f/1.8 haitakusaidia.

Waliopinga wamesema kweli jambo moja: bao likiingia goli la upande wa pili, mtu mwenye 85 atakuwa anatazama tu. Ni kweli. Nami nimepima: ni bora nikose nusu ya mabao na nusu nyingine nizipate wazi, kuliko kuwa na mabao yote ya moshi. Atakayeona tofauti aandike, ukurasa huu ni wenu.

Tukienda kununua Kampala, na fedha hizi ni za michango ya watu waliojinyima, tukague hivi. Kwanza mdomo wa lenzi ulingane na kamera yetu. Kuna lenzi nyingi nzuri za Canon za aina ya RF zinazouzwa sasa, lakini hazifungi kabisa kwenye kamera za EF kama yetu, hata muuzaji akiapa. Ndugu wenye Nikon ndogo za D3000 na D5000 wajihadhari na lenzi za zamani zisizo na mota yake ndani, maana fokasi itabidi izungushwe kwa mkono, na namba tisa hatakungoja. Pili, washa tochi ya simu upande mmoja wa kioo na uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi nyembamba kama za buibui ni ukungu wa fangasi, na hiyo irudishe palepale. Tatu, ifunge kwenye kamera, lenga mtu anayetembea kuja kwako dukani, piga kumi mfululizo, kisha zikuze kwenye skrini zote kumi. Muuzaji akikasirika kwa hilo, amekupa jibu. Nne, risiti iandikwe jina la jumuiya, si la aliyetumwa.

Kamati inakutana Jumamosi baada ya Alasiri. Nimeazima 85 kwa jamaa mmoja, na ile 75–300 nitaikodi tena kwa siku moja, safari hii kwa fedha yangu. Saa 12:30 tutoke wote uwanjani, vijana wapige penalti, kila mjumbe ajaribu zote mbili mwenyewe, kisha turudi ndani tupige kura kabla ya adhana. Namba tisa wetu amesema atakuja, na jezi yake bado anayo. Nimemwomba apige shuti la chini, lilelile, kwa sababu kuna mtu Bwera ninadaiwa naye.